Chiriku na Rangi Mbichi

Mwenye nyumba iliyokarabatiwa huisifu harufu ya rangi mbichi kana kwamba ni udi wa maendeleo, kisha hutundika sebuleni tundu la chiriku, yaani ndege wadogo wala mbegu ambao jina lao Waswahili humpa pia mtu asiyeishiwa maneno, akitumaini wimbo wao utafunika sauti ya fundi anayedai salio lake. Mapafu ya ndege, ambayo husaidiwa na vifuko vya hewa vinavyopitisha pumzi kuelekea upande mmoja tu, hunasa sumu, hata ya rangi mbichi, upesi kuliko ya binadamu. Ndiyo maana migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza iliwatumia kanari, chiriku wa manjano, hadi mwaka 1986, wakiwa vipima gesi wasiodai mshahara. Mchimbaji aliyemwona kanari akilegea alitoka mbio; mwenye nyumba humbadilishia chiriku wake mtama.