Muulize Ami Mizani: Makonyo Ndani ya Kompyuta

*Ami Mizani, mimi kijana wa Vitongoji, Pemba, nimejikusanyia senti zangu nataka kompyuta ya gemu iliyokwisha kufungwa, ya kuchomeka na kucheza. Muuzaji wa Kariakoo ana i7 yenye feni tano za taa za rangi. Wa Darajani ana i5-12400F na kadi ya RTX 3060, haina taa hata moja, na imezidi laki tatu. Silali. Nichukue ipi? – Roho Juu.*

Mwanangu, umefanya vyema kuniandikia mimi, usimwendee yule jirani yangu anayejiita fundi kwa kuwa aliwahi kutia betri saa ya ukutani. Mimi nimepima karafuu miaka thelathini na moja. Nilikuwa nikisimama tu mlangoni, watu wanageuza na magunia yao kwenda kuchambua upya. Mzee mmoja aliniletea gunia, juu karafuu kavu, ukiivunja inalia tak. Chini kajaza makonyo, vile vijiti vya karafuu. Sikulifungua. Nililigusa kwa kidole cha mguu nikamwambia, "Mzee wangu, hili lifikishe Wawi kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, hapa tunanunua karafuu." Mpaka leo akiniona msikitini huhama safu.

Basi hiyo i7 ya taa tano ni gunia lile lile. Mtu akikwambia "i7" akanyamaza, ni kama kusema "karafuu ya Pemba" bila kutaja ya msimu gani. Tazama tarakimu zinazofuata. i7-4770 ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina viini vinne. Hiyo i5-12400F ni kizazi cha kumi na mbili, ya 2022, viini sita. Mjukuu kampita babu, na babu bado anadai kiti cha mbele. Isitoshe, Windows 11 rasmi haipokei prosesa za Intel za chini ya kizazi cha nane, ila chache mno, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ile F ya mwisho nayo usiipuuze: maana yake prosesa haina grafiksi zake yenyewe, kadi ikifa monita inabaki giza.

Utaniuliza, Ami, haya umeyajulia wapi? Nilikwenda Dar kutibiwa jicho la kushoto, nikapotea Kariakoo saa sita mchana, nikatoka magharibi nikiwa mtaalamu. Wengine husomea miaka minne. Mimi jicho moja lilitosha.

Sasa dawa. Ingia dukani, inua kasha zima, litikise sikioni kama nazi. Likisema kwacha-kwacha, kuna parafujo iliyoachwa. Likikaa kimya, kuna siri. Kisha mwambie muuzaji afungue ubavu. Akikataa, keti kibarazani kwake umpigie simu mama yako kwa sauti kubwa. Atafungua.

Likifunguka, usitazame taa. Tazama pawa saplai, ndiyo moyo wa mashine na ndiyo wanayoibania. Ipime kwa mkono: nyepesi kama boflo, ndani mna upepo. (Mafundi wakubwa duniani nao huipima hivyo hivyo, sijui nani aliwapelekea habari zangu.) Soma na maandishi ya ubavuni. RTX 3060 peke yake hula wati 170, na wenyewe NVIDIA hutaka pawa saplai ya wati 550. Sasa kuna mchezo huu: inachukuliwa mashine kuukuu ya afisini, tuseme Dell OptiPlex 9020, pawa saplai yake wati 290, inavalishwa kasha la kioo na taa, inaitwa ya gemu. Bwana harusi kwa kanzu ya kuazima. Na ukitaka kumbadilishia pawa saplai, plagi yake si ya kawaida, haiingii mpaka utafute waya wa kugeuzia.

Kadi nazo zina makonyo. Zipo zilizoandikwa GTX 1050 Ti, ndani ni kadi ya zamani iliyofundishwa kusema uongo. Ipo programu ya bure, GPU-Z. Ikimkamata mwongo humwandikia FAKE palepale. Ningekuwa na kitu hicho wakati wangu ningestaafu mapema. Lakini wapi, mimi ndiye niliyekuwa GPU-Z ya karafuu.

RAM ya 16 iwe vipande viwili vya nane-nane. Mvua ikitisha, jamvi la karafuu hubebwa na wawili, mmoja ataliburura.

Umeme je? Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba mwaka 2010. Kabla yake tulikuwa tukingojea majenereta ya dizeli ya Wesha yapende. Sipendi kujisifu, ila barua yangu ya malalamiko ilitangulia waya ule miezi mitatu. Hata hivyo umeme hukatika, na ukirudi hurudi na hasira. Tenga fedha ya UPS kabla ya kiti cha gemu. Na kama kasha limetoka Marekani, geuza nyuma utazame kiswichi chekundu: kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye 230 yetu, utasikia mlio mmoja, kisha harufu, kisha mama yako.

Vitongoji tuna upepo wa bahari, na chumvi hula chuma polepole. Usiiweke dirisha la mashariki. Usiku ifunike kanga, baada ya kuizima. Udi fukiza chumba cha pili. Moshi hauipi kompyuta baraka, unaipa vumbi.

Nilitaka kukusimulia msimu ule nilipokamata tani nzima kwa harufu tu, lakini mhariri anagonga meza. Haya: mwombe wa Kariakoo tarakimu zinazofuata i7. Akikwambia "i7 ni i7, yakhe," nenda Darajani, sema laki tatu imezidi, atapunguza moja. Chukua hiyo. Taa utanunua gengeni.

Dada wa Wete aliyeuliza kuhusu mume anayelala na simu, nafasi imekwisha, vumilia hadi toleo lijalo.

Na aliyeazima mizani yangu tangu msimu uliopita airejeshe. Nimemjua kwa hatua zake.