Swichi Kuu Imefungiwa Ndani

Masika yakianza, nyumba tunayopanga hapa Tabata inajaa wataalamu wa radi. Ngurumo ya kwanza tu, bibi wa chumba cha mwisho, aliyekuja kwa mwanawe kutoka Bukoba, anatoka na kanga kufunika kioo kilichopo ukumbini. Mama Neema anamvua mtoto fulana nyekundu. Aliyevaa jezi ya Simba anaamriwa akabadili haraka, na wanaosisitiza zaidi ni mashabiki wa Yanga.

Bibi simlaumu. Ametoka kando ya Ziwa Victoria, na radi za kule si za kusimuliwa. Eneo lile ni miongoni mwa yanayopigwa sana duniani. Ila radi haiangalii rangi ya nguo wala haijitazami kwenye kioo. Inapita njia iliyo rahisi kwake, na njia hiyo mara nyingi ni waya.

Na waya upo. Chini ya kioo hichohicho kilichovikwa kanga imelala ekstensheni yetu ya ukumbini. Tundu moja limeungua hadi limekuwa na rangi ya chai ya rangi. Jingine limechomekwa kifuniko cha kalamu pale juu, ili plagi ya pini mbili ipate kuingia kwenye soketi ya pini tatu. Waya wake uliochubuka umefungwa selotepu, ile ya kufungia zawadi. Imebeba friji, televisheni, feni na chaja za ukoo mzima, na hatua moja kutoka hapo kuna beseni la kukingia maji, kwa sababu bati linavuja. Sijawahi kusikia mtu akisema ifunikwe kanga. Wala isifunikwe, maana itashika moto! Ichomolewe tu.

Sema basi ichomolewe uone. "Baba, mpira uko dakika ya 70." Ikiwa si mpira, ni tamthilia, na yule dada wa tamthilia ndiyo kwanza anataka kugundua kwamba mchumba ni kaka yake. Siku ukibahatika wakakusikiliza, watabonyeza kitufe cha rimoti wakuambie wamezima. Hiyo imesinzia, haijazima! Radi ikipiga jirani, umeme wake unaruka hata mwanya mdogo wa swichi bila kubisha hodi. Inatakiwa plagi itoke ukutani, na itoke kabla mvua haijafika, si mtu aende kuishika wakati mbingu inapasuka. Na waya wa dishi nao uchomolewe nyuma ya televisheni, kwani lile dishi limesimama juu ya bati kama mtu anayengoja kuitwa. Baada ya ngurumo ya mwisho, subirini nusu saa. Nusu saa! Hapo ndipo ninapoonekana adui wa maendeleo.

Halafu kuna madaktari wa ndala. Kijana mmoja hapa anapiga pasi akiwa amesimama kwenye sakafu yenye maji, na ukimkemea ananyanyua mguu akuonyeshe: "Mzee, nimevaa mpira." Ndala zenyewe zimelowa, zimekwanguka kisigino hadi kinagusa sakafu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao hauhesabu ndala.

Mwingine anajitetea kwa sakiti breka: "Ikileta shoti itajikata yenyewe." Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Breka ya kawaida, tuseme ya ampia 16, kazi yake ni kulinda waya usiungue. Wewe haikujui. Umeme wa kuusumbua moyo wako ni mdogo sana, sehemu ndogo ya ampia moja, na breka hiyo itakutazama ukitetemeka ikidhani umewasha feni. Kinacholinda mtu ni kile kifaa kingine kinachokata umeme unapovuja. Vingi vya majumbani vinashtuka kwa miliampia 30, kufumba na kufumbua. Sisi hatuna. Waya wa ethi tulikuwa nao, ila nguzo yake ya shaba nyuma ya choo iling'olewa usiku, na sina shaka iliishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Lakini vyote hivyo ningevimeza kama si swichi kuu. Mahali pengine swichi kuu iko ukumbini, kila mtu anaifikia. Yetu iko ndani ya chumba cha kijana wa bodaboda, kwa kuwa zamani chumba hicho kilikuwa duka la mwenye nyumba. Kijana akitoka alfajiri anaweka kufuli, anarudi usiku. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua kubwa na upepo, wenzetu walikimbilia kujaza chaji kwenye simu. Mimi nilikuwa namtafuta mtu wa bodaboda. Maji yakiingia ndani yakafika kwenye soketi, ambazo fundi wetu alizipachika usawa wa kifundo cha mguu, huruhusiwi kuyakanyaga kwenda kuzima chochote. Unatakiwa uwe umezima kabla. Kwa ufunguo upi?

Nilimpelekea shauri mwenye nyumba. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba hii nimeijenga mimi, haijawahi kumuua mtu." Nikamwambia ni vizuri, tusiifundishe. Akacheka, akakubali swichi ihamishwe, kifaa cha kukata umeme kifungwe na nguzo ya ethi irudishwe, mradi wapangaji tuchangie nusu.

Kikao kikaitishwa. Mwenye balbu mbili akasema hawezi kulipa sawa na mwenye friji. Mwenye friji akasema friji lake linahifadhi samaki wa kila mtu. Bibi wa Bukoba peke yake ndiye aliyefungua pindo la kanga akatoa noti palepale, akauliza kama na kioo kitafungwa waya. Kijana wa bodaboda alituma salamu kwamba anaunga mkono, ila fundi asiingie chumbani kwake yeye akiwa hayupo. Na hayupo kila siku isipokuwa mvua ikinyesha.