Maombi ya Kazi kwa Sultani Barghash

Kwa Mtukufu Seyyid Barghash bin Said,
Sultani wa Zanzibar (1870–1888),
Beit al-Ajaib, Forodhani, Unguja.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI KATIKA KASRI LAKO

Mtukufu Seyyid,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, mwenye akili timamu, niliyekuja Unguja kwa likizo ya siku 4 nikarudi na ugonjwa wa ufalme. Ugonjwa huo ulinishika Maruhubi, kwenye magofu ya kasri ulilowajengea wanawake wa nyumba yako mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto uliliteketeza mwaka 1899. Siku hizi zimebaki nguzo nene zisizobeba kitu, zimesimama kama walinzi ambao hawajaambiwa kwamba tajiri ameshahama. Kijana aliyetutembeza alinyoosha kidole: hapa palikuwa na roshani, pale walioga, na masuria walikuwa tisini na tisa. Hiyo tisini na tisa aliitamka polepole, kama vile aliwahesabu mwenyewe.

Nikaegemea nguzo, nikafumba macho. Udi ukafuka. Kahawa ikaletwa kwenye finjani, nami nikaipokea bila kumtazama aliyeileta. Nilipofumbua macho, mgongo wa shati langu ulikuwa umejaa chokaa, na wenzangu nao walikuwa wameegemea nguzo zao, kila mmoja kidevu juu. Tulikuwa masultani 11 na hakuna hata mpishi mmoja.

Kwa kuwa kiti kina mwenyewe, naomba nafasi nyingine yoyote. Nimezipitia zilizopo, na maoni yangu ni haya.

Kwanza, ukatibu. Mwaka 1859, ulipopanga kumpindua kaka yako, Sultani Majid, barua zako za siri ziliandikwa na dada yako Salme, binti wa miaka 15, aliyejifunza kuandika kwa kujificha. Nyumba yako ilipozingirwa, ulitoka umejifunika nguo za kike katikati ya dada zako. Njama ikashindwa, ukapelekwa Bombay. Wewe ulirudi, na siku moja ukakalia kiti. Yeye akaolewa na Mjerumani, na alipokuja mwaka 1885 kudai urithi wake ulikataa hata kumwona. Ikiwa katibu wa damu yako alilipwa hivyo, mimi mtu wa bara nitarajie nini? Nafasi hii naiacha.

Pili, muziki. Inasimuliwa kwamba ulimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kupiga ala ya kanuni, na wapenzi wa taarabu hadi leo huanzia hapo wanapotaja asili yake. Kazi ya heshima. Lakini mpigaji wa kasrini hupiga mpaka bwana asinzie, na haruhusiwi kusinzia kabla yake. Mimi hulala mapema.

Tatu, ulinzi wa ndani, kwa masuria. Wanaume wengi katika msafara wetu walijitolea kabla sijamaliza kuuliza. Kisha tukaambiwa kwamba mlinzi wa ndani alikuwa towashi. Msafara ukanyamaza. Naomba maombi ya kundi zima kwa nafasi hiyo yafutwe.

Nne, uchukuzi. Hapa Mtukufu nina uzoefu wa ukoo. Babu wa babu yangu alishika njia ya Tabora hadi Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, mwendo wa miezi, kwa ujira wa vitambaa. Wahenga walisema zumari ikipigwa Unguja, watu wa Maziwa Makuu hucheza. Hawakusema kwamba walioitwa kucheza ndio walioshusha mzigo uliomlipa mpiga zumari. Maana kasri lako halikujengwa kwa udi. Lilijengwa kwa pembe, kwa ushuru wa forodha, na kwa karafuu zilizochumwa na watumwa. Najua, mwaka 1873 Waingereza walikubana mpaka ukatia saini kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, na pale leo pana kanisa. Lakini mashambani watu waliendelea kupanda mikarafuu ya wenyewe mpaka ilipotoka amri ya mwaka 1897 ya kuufuta utumwa kisheria, wewe ukiwa na miaka 9 kaburini. Nikagundua kosa la barua yangu: nafasi nyingi za kasrini hazikuwa za kuomba. Wenye nazo hawakuandika YAH. Waliletwa.

Tano, maji. Wewe ndiye uliyeyavuta kwa mabomba kutoka Chemchem, ukaunywesha mji uliokuwa umezoea visima vichafu. Mkono wangu wa pongezi upokee. Kwa hiyo tulipofika kwenye hamamu ya Maruhubi nilikuwa nimejaa shukrani. Tukajipanga kupiga picha. Wakati huohuo binti wa jirani, ndoo kichwani, akakatiza kati ya kuta akifuata njia ya mkato kwenda kwao. Kijana wetu akamwambia, "Subiri kidogo dada, wageni wanapiga picha." Akasimama pembeni, shingo wima, mkono mmoja kiunoni. Hata tone halikumwagika. Tukapiga picha ya bafu kavu, mwenye kubeba maji akisubiri tumalize. Kisha akapita.

Mtukufu, baada ya kutafakari naomba nafasi moja tu, ambayo najua haikuwahi kuwapo: mkata tiketi wa kasri. Mgeni akilipa kiingilio, atatumbukiza mkono kwenye kikapu na kuokota kazi yake. Kila vikaratasi 1,000, kimoja kitakuwa cha Sultani. Vichache vitakuwa vya mke, mwana na mjomba mwenye njama. Vilivyobaki ni vya mchota maji, mchuma karafuu, mpishi, mpiga makasia, mchoma chokaa, mfua nguo, na yaya asiyelala. Atakayemwokota mpagazi ataingia na mzigo wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi nitampa mlangoni. Mshahara wangu uwe ule aliolipwa mchota maji wako, ili nijue kama mshahara huo ulikuwepo.

Naomba jibu lisiletwe kupitia Beit al-Ajaib. Jumba hilo ulilojenga mwaka 1883, na watu wakaliita la maajabu, liliporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Siku hiyo lilikuwa mikononi mwa mafundi. Sultani hakuwemo, wala mtalii.



Wako katika ujenzi wa kasri,

Mwombaji kutoka Tabora

Viambatisho:
1. Stakabadhi ya kiingilio.
2. Shati moja lenye chokaa mgongoni.
3. Picha moja ya hamamu (mbeba maji hayumo).