Barua ya Wazi kwa Wapimaji wa Umaskini

Kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na Mfuko wa Vyuo Vikuu, Nairobi.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Mtito Andei, mji ambao kila aliyekwenda Mombasa kwa barabara ameupitia ila hana hamu ya kulala huko. Basi husimama, abiria hujinyoosha, hununua machungwa, na safari huendelea. Wazazi wa hapa wanawapongeza kwa dhati. Mmevumbua jambo lililowashinda wahenga: kumpima maskini kwa kompyuta bila kumtia machoni.

Kwa faida ya wasomaji ambao watoto wao bado wako shule ya msingi, mambo yalianza hivi. Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto alizindua utaratibu mpya wa kugharamia vyuo vikuu, na ile karo ya zamani ya shilingi 16,000 kwa mwaka ikaaga dunia. Sasa mwanafunzi hujaza fomu mtandaoni: wazazi wanafanya kazi gani, wanapata ngapi, nyumbani hutumika kiasi gani, ndugu wangapi bado wako shuleni. Mtambo unatafakari, kisha unamtupa katika moja ya bendi tano. Bendi ya kwanza familia hulipa asilimia 5 ya karo, na mwanafunzi hukopeshwa shilingi 60,000 za matumizi kwa mwaka. Bendi ya tano familia hulipa asilimia 40, na mkopo wa matumizi hushuka hadi 40,000.

Kwenye karatasi, hakuna wa kubisha. Mwenye nacho alipe zaidi, asiye nacho abebwe.

Sasa mchukueni msichana mmoja wa hapa, yeyote yule kati ya walioitwa na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza, Kitui. Mamake anauza mayai ya kuchemsha na machungwa stejini. Babake analima ndengu upande wa mbuga ya Tsavo. Fomu inamuuliza mapato ya wazazi kwa mwezi, naye anakwama hapo hapo, simu mkononi, bando inaisha. Mwezi gani, waheshimiwa?

Maana mapato ya mama huyu yamekuwa yakiamuliwa na nyinyi wa Nairobi. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, sehemu ya wateja wake walipita juu ya daraja bila hata kupunga mkono. Kisha serikali ikaagiza makontena ya Nairobi yapande treni, malori yakapungua, na miji ya barabarani kuanzia Mariakani hadi hapa ikalia. Septemba 2022 agizo likafutwa, malori yakarudi, mayai yakanunuliwa tena. Mtambo ungempima mama huyo huyo mara tatu, ungepata mama watatu tofauti, na yai moja tu la kuwagawia.

Baba naye ana mwenzake shambani, ndovu. Ndovu wa Tsavo hajazi fomu, lakini akiingia usiku mmoja tu, anaihamisha familia nzima kutoka bendi moja hadi nyingine. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia; kuiahidi na kuilipa ni safari mbili, na ya pili haina ratiba. Isitoshe, mwaka wa kwanza huripoti chuoni Agosti au Septemba, wakati Ukambani mvua za Oktoba bado ni tumaini na ghala limebaki vumbi. Hamngeweza kuchagua msimu bora zaidi wa kumdai mkulima asilimia yake.

Halafu kuna swali la matumizi. Chemchemi za Mzima, humu humu Tsavo Magharibi, hupeleka maji hadi Mombasa. Mtito Andei, jirani yao wa karibu, wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Kwa hiyo nyumba isiyo na bomba inaandika matumizi ya juu ya maji kila mwezi. Je, mtambo huona kiu hapo, au huona familia yenye uwezo wa kutumia pesa?

Tuseme basi msichana wetu ameangukia bendi ya nne. Godoro linafungwa juu ya matatu, ndoo na beseni zinaingia chini ya kiti, na safari inashika Kibwezi, inavuka mto Athi, Ikutha, Mutomo, Kitui, hadi Kwa Vonza. Mkopo wake wa matumizi ni shilingi 45,000. Ukizigawa kwa miezi minane ya masomo, unapata shilingi 187 kwa siku: kodi ya chumba, chakula, sabuni, pedi, fotokopi na bando. Tena ni deni, atalirudisha.

Ratiba yake imenyooka. Anaamka saa kumi na moja kuwahi maji, na saa moja yuko darasani, tumbo likiwa na strungi isiyo na mandazi. Mchana ni chapo madondo pesa zikiwapo. Zisipokuwapo, mchana unarukwa na kuitwa muda wa kusoma. Jioni ndipo elimu yenyewe huanza. Wasichana wanne wanachangia meko moja: huyu unga, huyu sukuma wiki, huyu mafuta ya kupima ya shilingi ishirini yaliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Wa nne leo hana kitu, na hakuna anayemdai barua ya chifu. Wao pia wanapima uwezo, ila chombo chao kina swali moja: “Umekula?” Jibu hupatikana papo hapo, na hakuna aliyewahi kukata rufaa.

Kwenu rufaa ipo, na nayo hujazwa mtandaoni, kwa bando ile ile.

Msidhani malalamiko haya ni ya Wakamba wa barabarani peke yao. Mwaka 2024 wanafunzi walitishia kuingia barabarani nchi nzima, na Rais akaunda kamati ya watu 129 kuuchunguza utaratibu wake mwenyewe. Watu 129! Hao hujaza mabasi mawili na wengine wakabaki stejini. Wangesimama Mtito Andei kwa chakula cha mchana, mama wa mayai angeuza beseni zima na kupanda bendi ya tano siku hiyo hiyo. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alisema utaratibu huo unakiuka katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na bendi zikaendelea kupiga.

Ombi lenyewe ni dogo. Kwenye swali la mapato, ongezeni kisanduku kimoja kilichoandikwa “Inategemea.” Atakayekitia alama, msimwachie mtambo, mpigieni chifu wake, ambaye anajua ni nyumba ipi imelala bila moto na shamba lipi limekanyagwa wiki jana. Mkiona simu haitoshi, treni ya kaunti kwa kaunti kutoka Nairobi husimama hapa kila siku. Shukeni, ulizeni, kuleni. Ila njooni na chenji: noti ya elfu moja haina wa kuivunja mwezi huu.