Jua la Saa Kumi

Sijui nani alituaminisha kwamba nyumba haiwi ya kisasa mpaka iwe na dirisha kubwa kama mlango wa gereji na paa lisiloonekana. Dar es Salaam sasa zimejaa: ukuta umesimama wima, bati limefichwa nyuma yake, na hakuna hata shubiri moja ya paa iliyotokeza nje ya kulipa dirisha kivuli. Mimi nimepanga mojawapo. Sebule inatazama magharibi. Ikifika saa tisa alasiri jua linaingia bila hodi, linapanda kwenye kochi kubwa, halishuki mpaka adhana ya magharibi.

Makochi yetu yalikuwa ya rangi ya damu ya mzee. Sasa yana rangi isiyo na jina. Ukitaka kujua yalivyokuwa, inua kile kitambaa cha kufuma ambacho mama watoto hukitandika kwenye mgongo wa kochi. Chini yake utakuta maua, majani na ukingo wa mawimbi, vyote vya damu ya mzee safi kabisa, na palipokuwa na matundu pamepauka. Jua limepiga chapa. Shemeji yangu aliona akadhani ni mtindo mpya, akauliza mita moja shilingi ngapi.

Mama watoto alisema ni vumbi, akayasugua kwa sabuni. Yakatoka safi, na yamepauka vilevile. Rangi ikishavunjwa na jua hairudishwi kwa kufua.

“Si kuna kioo?” watu huniuliza. Kioo! Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno inayobabua ngozi, lakini ile yenye mawimbi marefu zaidi hupita, na hata mwanga huu tunaouona kwa macho nao hula rangi. Ndiyo maana unaweza kukaa dirishani usibabuke, kochi ulilokalia likaumia. Majumba ya makumbusho huonyesha vitambaa vya kale kwenye mwanga wa lux 50 hivi. Jua kali la wazi hufika lux 100,000. Huko ndiko nilikoweka makochi ambayo mkopo wake bado unakatwa kwenye mshahara.

Tumeweka mapazia mazito yenye bitana. Yanafanya kazi, sibishi, ila lazima yafungwe. Basi saa kumi alasiri, katika nchi yenye jua la kugawa, tunawasha taa ili tuonane. Karatasi ya tinti ile inayozuia urujuanimno nayo inasaidia, japo fundi wetu aliibandika mbiombio akaacha mapovu, na mwanga unaobaki unaendelea na kazi yake taratibu. Mito tunaigeuza kila wikiendi. Hiyo haizuii kupauka. Inagawa hasara kwa haki.

Dawa hasa ni kulizuia jua kabla halijagusa kioo. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe walilijua hilo: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba, nyumba moja ikiikinga nyingine. Kwa hiyo nilipopeleka kodi nilimwomba mwenye nyumba aniruhusu nitundike turubai juu ya dirisha, au walau nipande mti.

Nilimkuta kwake, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza pana, mwarobaini umeifunika mbele yote. Amekaa kwenye kiti cha ukindu ambacho rangi zake bado zinawaka.

“Turubai litaharibu sura ya nyumba, kijana wangu,” alisema. “Na mti mizizi yake itapasua msingi.”

“Sasa mzee, makochi?”

Akafikiri kidogo, akihesabu noti zangu.

“Nunueni meupe. Meupe hayapauki.”

Nimemwambia nitazungumza na mama watoto. Sikumwambia kwamba watoto wenyewe ni wanne, na msimu wa maembe umeanza.