Mgombea na Gambuti Zake

Ukitaka uongozi katika shirikisho la kimataifa la wanawake wenye shahada, lile lililoanzishwa 1919 na ambalo tangu 2015 linaitwa Graduate Women International, huhitaji kuomba kura Kibera. Wapigakura ni wajumbe wa vyama vya nchi mbalimbali. Kibera unafuata picha.

Mchukulie mgombea wa kwetu, mkaazi wa Lavington. Anashuka Laini Saba, Kibera, na gambuti mpya, kibandiko cha bei kingali kisiginoni. Anamkumbatia msichana wa sare, na mpiga picha anasihi: "Daktari, sogea kidogo, mtaro uonekane." Mtaro unaonekana wote. Msichana anatoka nusu uso.

Kawangware ingemfaa zaidi, maana iko nyuma ya ukuta wake na mfanyakazi wake wa nyumbani hutoka huko kila alfajiri kwa miguu. Ila Kawangware haina jina Geneva, yaliko makao ya shirikisho. Umaskini nao una mastaa wake.

Hata hivyo, akirudi nyumbani husimama Kawangware, kwenye kibanda cha M-Pesa. Dada wa kibandani ana shahada ya takwimu, daraja la pili la juu, na ameiona beji ya shirikisho kifuani mwa mgombea. "Madam, na sisi tunajiungaje?"

Anajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba kuna ada ya uanachama, mikutano mikuu huwa ng'ambo, na tiketi na viza ni juu ya mwenyewe. Kisha Madam anaomba kutoa elfu tano za mpiga picha, na haraka tafadhali, dereva ameegesha vibaya.