Nguru, Toleo la Tano

"Ni vipengele gani vya mfumo endeshi unaoutumia kwa sasa vinavyokidhi mahitaji yako, na ni vipi ungependa viboreshwe?" Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza. Usiku, mbele ya laptopu, lilipendeza. Lilikuwa na mkato mahali pake, lilikuwa na "vinavyokidhi", na mwalimu aliyelipitia chuoni hakuligusa kwa kalamu nyekundu.

Asubuhi yake likasomwa kwa sauti kando ya barabara ya Magongo, trela zikiunguruma kuelekea bandarini na ndege ikishuka uwanja wa Moi kwa kelele zake. Aliyeulizwa alikuwa mama muuza mahamri. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, akageuza mahamri kwenye karai, kisha akajibu: "Mwanangu, mie sina mfumo. Nina Tecno."

Mtafiti, kijana wa Mikindani anayesomea kompyuta, akatia alama kwenye kisanduku cha "Hajui". Kisanduku hicho ni dhuluma tupu. Mama yule ana mengi ya kusema kuhusu simu kumshinda mwalimu wa chuo, ila hakuna aliyemuuliza. Mikono yake hushinda ndani ya unga na mafuta, na kioo cha kugusa, kiwe cha simu gani, hakipatani na kidole chenye unga. Mteja akilipa kwa M-Pesa, simu hulia. Mama huibonyeza kwa kifundo cha kidole; ikigoma, huijaribu kwa ncha ya pua; pua nayo ikishindwa, humpa mteja mwenyewe amsomee ujumbe. Yaani anayedaiwa ndiye anayethibitisha kwamba amelipa. Biashara nzima inaendeshwa kwa kuaminiana, na hojaji haikuwa na swali hata moja la kuaminiana.

Wapo waliofaulu kuwauliza Wakenya habari za vyombo vyao, tena nchi nzima. Sensa ya Agosti 2019, ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, iliuliza habari za watu wa umri wa miaka 3 kwenda juu: nani ana simu ya mkononi, nani ametumia kompyuta. Wenye simu walikuwa asilimia 47.3, waliotumia kompyuta asilimia 10.4. (Kumhesabu mtoto wa miaka 3 kulikuwa na busara yake, aliyewahi kuporwa simu na mtoto wa umri huo anaelewa.) Lakini sensa iliuliza kitu kinachoshikika: unacho au huna. Mfumo endeshi haushikiki. Ukifanya kazi hauonekani, na siku ukikwama mtu husema simu imeharibika, akampelekea fundi aiflashi.

Hata hivyo, mfumo mmoja mkubwa mno duniani ulianza kwa hojaji, na hojaji yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo uliotumika kufundishia. Akawaambia kwamba anaunda mfumo wake wa bure, kwa kujifurahisha tu, na angependa kujua wanachokipenda na wasichokipenda katika Minix. Mapendekezo yote yanakaribishwa, akasema, ila haahidi kuyatekeleza. Basi. Hapakuwa na visanduku wala ngazi ya moja hadi tano. Kazi ile ndiyo ikawa Linux, na kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android, hiyo Tecno ya pale kwenye karai ikiwemo.

Ila tazama aliowauliza. Hao walikuwa na Minix majumbani, waliijua kwa jina na walikuwa wamekwisha kugombana nayo usiku kucha. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo anachokichukia, andaa karatasi ya ziada. Torvalds alikuwa na bahati nyingine pia: aliweza kusema wazi kwamba haahidi kitu, na watu wakajibu. Jaribu hilo Magongo.

"Mnatoa nini?" ndilo swali lililotangulia majibu yote. Vijana wa bodaboda walitaka kujua kama kuna kredo, fulana, au angalau soda. Mmoja akanong'ona kama hii ni ile ya kupigwa picha ya macho. Hakuwa anaropoka. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wakapigwe picha za mboni na Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi, mpaka serikali ikasimamisha zoezi lenyewe mwezi Agosti. Mtafiti alipomhakikishia kwamba hakuna jicho litakaloguswa, kijana alisikitika. "Ningetoa yote mawili," akasema, akarudi kwenye pikipiki yake.

Mwenzake alijibu bila malipo, na jibu lake lilistahili kupewa ukurasa mzima. Alikuwa amechukua simu kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao Safaricom na Google waliuanzisha Julai 2020: mwanzoni ulitanguliza shilingi 1,000, kisha ukalipa 20 kila siku. Ukichelewa, simu hujifunga. Alipoulizwa anataka nini zaidi kutoka kwa mfumo wa simu yake, hakufikiri hata kidogo. "Nataka usijue kama sijalipa."

Mtafiti alitafuta kisanduku cha jibu hilo. Kilichokaribia kilikuwa "Faragha". Akatia alama hapo, na kusema kweli hakukosea sana.

Swali la tano ndilo lililoleta ngazi. Ngazi hii ni ya zamani. Mmarekani aitwaye Rensis Likert ndiye aliyeitoa mwaka 1932, na tangu hapo hakuna hojaji inayojiheshimu isiyoanzia "Nakubali kabisa" ikaishia "Nakataa kabisa". Kauli ya kupimwa ilikuwa: "Mfumo wa simu yangu ni wa haraka na salama." Fundi simu, mwenye kibanda karibu na steji, aliinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameifungua matumbo. "Haraka, ndio. Salama, hapana. Wataka nikubali upande gani?" Mtafiti akamwambia basi achague katikati. Fundi akakataa katakata. Katikati, alisema, ni pa mtu asiyejua, na yeye anajua zote mbili.

Alikuwa sahihi. Mambo mawili yamefungwa kamba moja, na mjibu akilikubali moja tu, takwimu zinamhesabu kama mtu asiye na msimamo. Wataalamu wa hojaji wameionya kasoro hii miaka na mikaka, na bado kila muhula inazaliwa upya.

Mzee wa barazani, kikombe cha kahawa tungu mkononi, alikuwa na sababu zake za kukaa katikati. "Mie si mtu wa fitina. Nitilie hapo kati kati pote." Maswali yote kumi na mawili akayapitisha hivyo, pamoja na lile lililomuuliza jinsia yake.

Lakini aliyemtia mtafiti jasho ni msichana wa duka la M-Pesa. Huyu alikubali kabisa kwamba simu yake humuudhi, akageuza ukurasa, akakubali kabisa kwamba simu yake haimuudhi hata kidogo. Maswali hayo mawili yalikuwa yamewekwa makusudi yakinzane, ili kumnasa asiyesoma. Alipooneshwa, hakubabaika. "Nilisoma yote, kakangu. Ila nilikuona umesimama juani tangu asubuhi, nikataka umalize uende zako." Kumkatalia mgeni aliyekuja na karatasi ni utovu wa adabu, na ngazi ya Likert haina daraja la kupimia adabu.

Mwalimu aliposikia hayo akashauri mtego mkubwa zaidi. Mtego wenyewe una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, wakiongozwa na George Bishop, waliwauliza watu maoni yao kuhusu Sheria ya Mambo ya Umma ya mwaka 1975. Sheria hiyo haikuwahi kuwepo. Karibu thuluthi moja ya walioulizwa walikuwa na maoni juu yake, wengine wakiiunga mkono, wengine wakiipinga. Basi mtafiti wetu naye akaingiza mfumo wa kubuni kwenye orodha, baina ya Android na Windows: Nguru, toleo la tano.

Nguru iliuzika Magongo kama iliyotoka baharini asubuhi ile. Kondakta mmoja alisema alikuwa nayo, ni nyepesi, lakini inamaliza chaji. Mwanafunzi wa sekondari alieleza kwamba toleo la nne lilikuwa bora, hili la tano wameliharibu. Mwenye duka la kava za simu na chaja alidai ilikuwa kwenye simu ya shemeji yake na ilikuwa ikishika moto ukiweka laini mbili. Fundi simu ndiye aliyetia fora: hakusema anaijua, alisema anaweza kuiweka, aletewe simu jioni. Aliyejibu kweli ni yule mzee wa barazani, ambaye kwa mara ya kwanza alitoka katikati. "Nguru niijuayo mie ni ya kupaka. Kama yako ni nyingine, niondoe."

Kwa haki, hakuna kati yao aliyekuwa mwongo wa kuzaliwa. Mtu akija na kitambulisho cha chuo akakuuliza kwa uzito kuhusu kitu, unadhani kipo. Na kukiri mbele ya watu pale steji kwamba hujui jambo ambalo kondakta amekwisha kulijua ni gharama asiyoilipa mtu kwa hiari.

Kwenye saiba mambo yalikuwa mengine. Mwenye saiba anaujua mfumo endeshi kwa jina, kwa toleo na kwa machungu. Anajua kwamba Windows 7 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta zake kuukuu hazikidhi masharti ya kupokea ya 11. Hakutaka lolote jipya. Katika orodha ya vipengele vya kuvutia ambayo mtafiti aliiandaa kwa upendo, kuanzia akili bandia hadi kuongea na kompyuta kwa sauti, alipiga mstari juu ya vyote na kuandika chini: "Isiniulize. Isijisasishe. Isijizime." Akasimulia siku ya 30 Juni, mwisho wa kuwasilisha ripoti za kodi, watu wamejaa mpaka nje, na kompyuta moja ikaamua saa ile ile kujisasisha, ikaganda kwenye asilimia thelathini na mteja amekwisha kuingiza kila kitu bado kubofya pa kutuma. Alipofika hapo kwenye hadithi akaanza kumkemea mtafiti, kana kwamba ni yeye aliyeituma.

Kelele zile zilikuwa na habari nyingi kuliko hojaji zote za asubuhi. Kampuni za simu zilikwisha kuligundua hili kwa njia ya mkato: ziliwatuma watu wakae, watazame. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile Wakenya waliyoibatiza mulika mwizi, iliuzwa zaidi ya milioni 250 ikiwa na tochi na vitufe visivyoingia vumbi. Mwaka 2006 watafiti wa Nokia, Jan Chipchase akiwemo, walizunguka Uganda wakaona simu moja ikitumiwa na watu wengi. Mwaka uliofuata ikatoka Nokia 1200 yenye vitabu vya majina kadhaa ndani ya simu moja, na kipimo cha gharama ya kila anayepiga. M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji kurejesha mikopo yao. Watu wakaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja kwa sura hiyo.

Mtafiti naye akakaa, akatazama. Alimwona jirani wa fundi akiingiza tokeni ya stima, tarakimu 20, simu mkono wa kushoto, mkono wa kulia kwenye kidude cha mita. Tarakimu ya kumi na moja, kioo kikazima. Akakiwasha, akasahau alipofikia, akaanza upya. Mara ya pili akamwita mtoto wake kazi yake iwe kugusa kioo tu, kisilale. Muda wa kioo kuzima hubadilishwa kwenye mipangilio kwa kubofya mara chache, lakini bwana yule ana mtoto, na mtoto hahitaji mipangilio.

Hojaji ikachanwa, ikaandikwa nyingine. "Vinavyokidhi" ikatoka, Likert akatoka, Nguru ikarudishwa baharini. Swali la kwanza sasa lilikuwa: "Mara ya mwisho simu yako ilipokuudhi, ulikuwa ukifanya nini?"

Wa kwanza kuulizwa alikuwa dereva wa tuktuk aliyengoja abiria.

"Mara ya mwisho ni sasa hivi," akasema, akionyesha simu iliyokuwa ikitetema mbele ya usukani. "Mteja wangu wa Port Reitz anipigia, kioo hakitelezi, mikono yangu ina grisi, na wewe wanihoji. Hebu lete kidole chako hicho kikavu."

Mtafiti akaweka kalamu chini, akatelezesha. Mteja alikuwa amekwisha kukata.

"Haya," dereva akasema, "na hilo liandike."